Kuvu Isiyokuwa Kuvu: Aota Inavyoambukizwa, Inavyopimwa na Kutibiwa

Katika matanga moja upande wa Ahero nilikuta gunia la mahindi limetengwa nje ya stoo, limefungwa mdomo kwa kamba ya katani, na hakuna aliyethubutu kulifungua. Hata kuku walikuwa wakifukuzwa karibu nalo. Nilipouliza, mpwa wa marehemu alinitolea karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Chini kabisa, mahali pa chanzo cha kifo, palikuwa na maneno mawili ya kitabibu. La kwanza alilitafuta kwenye simu yake akaambiwa maana yake ni "ya kuvu". Kwa watu ambao wamezoea kusikia redioni kwamba unga fulani umeondolewa madukani kwa sababu ya sumu ya kuvu, hesabu ilikuwa rahisi: kuvu, mahindi, kifo.

Chini ya hema maelezo yalikuwa mengine kabisa. Dada wa marehemu alisisitiza kwamba ni taifodi "iliyoingia kwenye mishipa", kwani mzee alitibiwa taifodi mara tatu kabla ya kulazwa. Majirani walisema presha. Kijana mmoja aliapa kwamba ni mshipa wa kawaida tu, ungekandwa mapema ungerudi mahali pake.

Nilifanya kazi ya maabara kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ugonjwa uliomuua mzee huyo, yaani kivimbe kilichoambukizwa kwenye aota, ule mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, niliuona mara chache mno. Ni nadra. Katika nchi za Ulaya, kati ya vivimbe vya aota 100 vinavyotibiwa, vinavyotokana na vijidudu huwa kimoja au viwili hivi. Lakini nadra au si nadra, ukiupata unauua upesi, na sehemu kubwa ya muda unaopotea hupotea kwa sababu ya majina. Mgonjwa hupewa jina la ugonjwa kabla ya ushahidi kupatikana, kisha jina hilo likaanza kuamua dawa.

Hilo neno "mshipa" lenyewe ni mtego. Kiswahili chetu kimelibebesha mzigo mzito. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, kuna mshipa unaokaza shingoni ukilalia mto vibaya, na mzee akikuambia kwa sauti ya chini kwamba "ana mshipa", huenda anazungumzia ngiri. Kwa hiyo daktari akisema ameona shida kwenye mshipa wa tumbo, nusu ya ukoo inaelewa ngiri, na kabla ya jioni anatafutwa mama wa kukanda. Nitarudi kwenye jambo la kukanda.

Aota ni mshipa wa damu, tena mkubwa kuliko yote mwilini. Huanzia upande wa kushoto wa moyo, hupanda kidogo, hujikunja kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka ukiwa umeegemea uti wa mgongo. Hupita kifuani, huingia tumboni, na karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Kwa mtu mzima, sehemu yake ya tumboni ina kipenyo cha sentimita 2 hivi, unene wa kidole gumba. Mtu akiwa ametulia tu, moyo husukuma takribani lita 5 za damu kwa dakika, na karibu yote hupitia kwenye aota. Mtungi wa lita 20 ungejaa kwa dakika 4.

Wakazi wa Kisumu wanajua maji ya ziwa husafishwa Dunga, yakaingia kwenye bomba kubwa, ndipo yakagawanywa kwa mabomba madogo hadi kwenye kioski cha Nyalenda. Bomba la nyumbani likivuja utalifunga kwa mpira wa tyubu na kusubiri fundi. La Dunga likipasuka hakuna wa kulifunga kwa mpira. Aota ni bomba la Dunga.

Ukuta wake una tabaka tatu. La ndani ni laini kama kioo ili damu iteleze. La kati ni nene, lina misuli na nyuzi za kunyumbuka, na ndilo linalostahimili mpigo wa moyo usiku na mchana. La nje ni ala ngumu inayobeba vimishipa vidogo sana vya kuulisha ukuta wenyewe, maana ukuta ni mnene kiasi kwamba hauwezi kulishwa wote na damu inayopita ndani. Vimishipa hivyo vikumbuke. Vina sehemu yao katika kisa hiki.

Tabaka la kati likidhoofika, shinikizo la damu hulisukuma nje. Kila mwendesha baiskeli wa Kibuye ameona tairi lililochanika ubavuni na tyubu ikatoa kichwa pale penye tundu. Tyubu ile inaendelea kushika upepo, baiskeli inaendelea kwenda, lakini kila mtu anajua mwisho wake. Kichwa hicho kikitokea kwenye mshipa wa damu, madaktari hukiita aneurizimu. Mimi nitakiita kivimbe, ingawa si nyama wala usaha: ni ukuta wa mshipa uliotanuka huku damu ikizunguka ndani.

Kivimbe cha kawaida hutokana na umri, sigara, presha na urithi. Hukua polepole kwa miaka na kwa kawaida hutanuka pande zote kama chupa ya soda katikati. Kikifika sentimita 3 tumboni ndipo huitwa kivimbe, na wanaume wengi hufuatiliwa kwa altrasaundi tu hadi kikaribie sentimita 5.5, maana kabla ya hapo hatari ya upasuaji huizidi hatari ya kukiacha.

Kilichoambukizwa hakina subira hiyo. Bakteria wakishaingia ukutani, wao pamoja na chembe nyeupe za damu zinazokuja kupigana nao huuyeyusha ukuta. Kivimbe huchomoza upande mmoja kama ile tyubu, huongezeka kwa siku au wiki, na kinaweza kupasuka kikiwa bado kidogo. Kwa hiyo hakuna kipimo cha sentimita ambacho mtu anaweza kukitegemea akasema "bado tuko salama".

Tuje kwenye kuvu. Mwaka 1885 William Osler, daktari mzaliwa wa Kanada, alitoa mihadhara London kuhusu maambukizi ya vali za moyo. Alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa na vivimbe kwenye aota, na kwa kuwa vijinyama vilivyoota humo vilimkumbusha uyoga, akavipa jina lenye asili ya Kigiriki linalohusu kuvu. Wakati huo elimu ya bakteria ilikuwa bado changa. Leo tunajua kwamba karibu visa vyote hivyo husababishwa na bakteria, na kuvu wa kweli ni wachache sana, hasa kwa watu ambao kinga yao imeshuka mno. Lakini jina likaganda. Miaka zaidi ya 130 baadaye bado linaandikwa kwenye karatasi za hospitali, na gunia zima la mahindi linatengwa Ahero kwa kosa la mtu aliyeona uyoga kwenye aota. Sumu ya kuvu ya mahindi ni hatari ya kweli, nayo hushambulia ini. Haina uhusiano na kivimbe hiki.

Kwa nini bakteria wakae kwenye aota, mahali ambapo damu inakwenda kasi hivyo? Katika mshipa mzima ni vigumu sana. Ule utando laini wa ndani hauwapi pa kushika. Lakini chukua jerikeni la plastiki lililotumika miaka mitano, mulika ndani: ukijani hauoti kila mahali, huanza pale palipokwaruzika. Mtu akizeeka, akivuta sigara, akiishi na kisukari au presha, mafuta huganda kwenye ukuta wa aota na kuufanya uwe na mikwaruzo. Bakteria wakipita kwenye damu, hata kwa muda mfupi, hapo ndipo wanapong'ang'ania. Ndiyo maana wagonjwa wengi wana zaidi ya miaka 50, na wengi ni wanaume.

Kuna njia nyingine. Vali ya moyo iliyoambukizwa inaweza kurusha kipande cha bonge lenye vijidudu kikakwama mbele, na sisi tunao watu wengi ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya yabisi utotoni. Maambukizi ya jirani pia yanaweza kupenya: kifua kikuu cha uti wa mgongo au cha tezi zilizo kandokando ya aota huweza kula ukuta kutoka nje kuja ndani. Kaswende isiyotibiwa ina ujanja wake. Inaweza kukaa kimya miaka 10 hadi 30, kisha ikaziba vile vimishipa vidogo vya tabaka la nje, ukuta ukafa njaa. Kabla ya penisilini kupatikana, kaswende ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za vivimbe vya aota ya kifuani. Siku hizi ni adimu, na sindano za penisilini wanazopewa kina mama kliniki ya wajawazito wakipatikana nayo zina mkono katika hilo.

Hata hivyo wahalifu wakubwa ni wawili. Mmoja ni stafilokokasi, yule anayekaa kwenye ngozi na kusababisha majipu. Wa pili ni salmonela, na huyu ndiye anayetuhusu sana sisi wa magharibi mwa Kenya.

Hapa dada wa marehemu alikuwa nusu sahihi. Salmonela ni ukoo mkubwa. Mmoja wa ukoo huo huleta taifodi na huishi kwa binadamu peke yake. Ndugu zake wengi hupatikana pia kwa kuku, mayai, nyama na maziwa yasiyochemshwa, na mara nyingi huleta kuhara kwa siku chache tu. Lakini kwetu hao wasio wa taifodi hawaishii tumboni. Wachunguzi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa CDC ya Marekani walipootesha damu ya wagonjwa wa homa huko Asembo, Siaya, yaani kuiweka kwenye chakula cha bakteria waone nini kitaota, waliwakuta salmonela hao mara nyingi kuliko taifodi yenyewe, ilhali Kibera mambo yalikuwa kinyume. Wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo wenye malaria au utapiamlo, na watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Walio wengi hawapati shida yoyote ya aota. Ila mtu wa miaka 60 mwenye mishipa iliyokwaruzika, salmonela akiingia kwenye damu yake, si wa kupewa vidonge na kuambiwa aende nyumbani. Vitabu vya tiba vimekuwa vikionya juu ya jambo hilo kwa miongo kadhaa.

Sasa angalia kinachotokea Kondele, mtaa wa hapa Kisumu. Mzee ana homa. Anaingia kwenye maabara iliyo kando ya kemisti, anachomwa kidole, tone la damu linachanganywa na dawa kwenye kioo, dakika chache baadaye anaambiwa: "Mzee, una taifodi." Kipimo hicho kinaitwa Widal, kwa jina la Fernand Widal wa Ufaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu. Hutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili uliziacha ulipokutana na mdudu huyo au anayefanana naye, labda mwezi huu, labda miaka mitatu iliyopita. Chanjo inaweza kukifanya kisome ndiyo; malaria nayo inaweza. Kwa hiyo watu wengi wazima wa eneo letu wakipimwa leo, wakiwa wazima wa afya, wapo watakaoambiwa wana taifodi. Nami nimekipima kipimo hicho mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa sababu fomu ilikiomba na mgonjwa alikuwa ameshalipa.

Mzee anapewa antibiotiki za siku saba. Homa inashuka, kwani dawa zimewapunguza bakteria waliomo kwenye damu. Waliojificha ukutani hawakuguswa vya kutosha. Baada ya wiki mbili homa inarudi, na safari hii mgongo unauma. Kipimo kilekile, jibu lilelile, dawa nyingine. Marehemu wa Ahero alizunguka mduara huo mara tatu.

Dalili zenyewe hazijitangazi. Homa inayokuja na kwenda, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito, maumivu ya mgongo au ya tumbo au kifua kutegemea sehemu ya aota iliyoathirika. Mambo hayo yote yanaweza kuwa malaria, kifua kikuu, figo, au mgongo wa mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote. Wengine huwa na kitu kinachodunda tumboni. Hapo niseme neno kwa wembamba: ukilala chali ukahisi tumbo linadunda juu ya kitovu, mara nyingi hiyo ni aota yako nzima ikifanya kazi yake, kwa kuwa huna mafuta ya kuificha. Kinachotisha ni uvimbe unaodunda na kutanuka kila upande chini ya vidole, hasa ukiuma, hasa ukiwa pamoja na homa. Na mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye homa iliyorudi baada ya dawa, tena akiwa na maumivu mapya ya mgongo au tumbo, amestahili hospitali yenye skani hata kama tumbo halidundi.

Kupima kuna mpangilio, na mpangilio huo ndio watu wanauvuruga zaidi. Damu hutolewa kabla ya antibiotiki. Si tone la kidoleni. Ni mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, chupa mbili kila mara, na inachukuliwa mara mbili au tatu kutoka sehemu tofauti za mwili. Wagonjwa hulalamika kwamba tunawanyonya. Lakini katika mililita 10 huenda kuna bakteria wachache tu, na chupa ikiwekwa nusu unaweza kuwakosa kabisa. Chupa zina chakula cha bakteria. Huwekwa kwenye joto la mwili hadi siku 5, wakiota tunawatambua kwa jina, kisha tunawajaribu kwa dawa moja baada ya nyingine tuone ipi inawaua. Hatua hii ya mwisho haiwezi kurukwa. Salmonela wengi wa hapa Kenya wameshaishinda ampisilini, kloramfenikoli na septrini, na wapo walioanza kuishinda hata seftriaksoni, sindano ambayo watu huiona kama ya mwisho.

Anayemeza antibiotiki za kemisti asubuhi kisha akaja kutolewa damu mchana ametuwekea mtihani mgumu. Hata pasipo hivyo, kwa karibu robo ya wagonjwa au zaidi hakioti kitu chochote hata kidogo, na daktari hulazimika kuchagua dawa kwa kukisia. Ila mgonjwa akiwa mahututi, presha imeshuka na anapoteza fahamu, damu hutolewa hapohapo na dawa ianze saa ileile. Kusubiri majibu siku 5 hakumhusu yeye.

Kingine kinachoniuma: majibu hutoka siku ya pili au ya tatu, na mgonjwa ameshakwenda nyumbani. Unapiga namba iliyo kwenye fomu, anapokea shemeji yake aliye Nakuru, hajui hata kama mzee alilazwa. Andika namba ya mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa.

Upande wa picha, altrasaundi inapatikana hata katika hospitali nyingi za kaunti, haina mionzi, na inaweza kuonyesha kivimbe cha tumboni kwa dakika chache. Gesi ya tumbo huizuia, na kifuani haioni vizuri. Picha inayotegemewa hasa ni skani ya CT ambayo mgonjwa huchomwa dawa ya kung'arisha damu ili mishipa ionekane. Kwa kuwa dawa hiyo huweza kuzitesa figo, figo hupimwa kwanza muda ukiruhusu. Mtaalamu hutafuta kivimbe kilichochomoza upande mmoja, kuta zenye makunyanzi, ukungu katika mafuta yanayozunguka aota, mara chache viputo vya hewa. Akiwa na wasiwasi huomba picha irudiwe baada ya siku chache: kivimbe kilichokua ndani ya wiki moja kimejitaja chenyewe. Moyo nao hupigwa altrasaundi yake ili vali zionekane. Zipo pia skani za PET zinazoonyesha mahali mwili unapowaka moto wa maambukizi, lakini mashine hizo ni chache na kwa hapa nchini utazipata Nairobi.

Si kila aota iliyovimba kwa moto ina vijidudu. Wakati mwingine kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mshipa wenyewe, hasa kwa wanawake vijana, na tiba yake ni dawa za kupunguza kinga kama prednisoloni. Mpe dawa hiyo mtu mwenye bakteria ukutani na utakuwa umewafungulia mlango. Picha za magonjwa haya mawili zinaweza kufanana sana, na hapo ile damu iliyooteshwa mapema ndiyo inayoamua.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kwa nini antibiotiki pekee zisitoshe, ilhali ni bakteria. Zinaweza kuwaua, angalau wengi wao. Haziwezi kurudisha ukuta ulioyeyushwa. Ukimfukuza mchwa, nguzo aliyoila haijazi tena. Wanaotibiwa kwa dawa peke yake wengi hufariki, na kwa kawaida njia hiyo huachiwa wale ambao miili yao haiwezi kuhimili upasuaji. Kaswende na baadhi ya visa vya mapema visivyo na kivimbe ni habari nyingine.

Kwa hiyo kazi ni mbili zikienda pamoja. Dawa za mshipani huanza na kuendelea angalau wiki 4 hadi 6. Katikati ya muda huo, mapema kadiri hali inavyoruhusu, daktari wa upasuaji hukata kipande kilichooza, husafisha pembeni yote, kisha huunganisha upya. Cha kuunganishia ndicho kinachozua maswali. Kinaweza kuwa mrija wa kitambaa maalumu uliolowekwa rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu inayofanya mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Unaweza kuchukuliwa mshipa mnene wa pajani mwa mgonjwa mwenyewe. Kuna mishipa ya watu waliokufa iliyohifadhiwa kwenye baridi kali, ambayo nchi nyingi hazina. Na kuna mrija unaoshonwa kutokana na ngozi nyembamba inayofunika moyo wa ng'ombe. Nilipotaja huo kwenye hema kule Ahero, wazee walicheka kwa mara ya kwanza siku ile, mmoja akauliza kama mtu huyo akilala atakuwa anacheua. Haachi kuwa mtu. Ngozi hiyo hutengenezwa kwa kemikali hadi isibaki na chembe hai. Mara nyingi daktari humalizia kwa kuuzungushia mrija pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya matumbo, kwa kuwa lina damu nyingi na husaidia kupigana na mabaki ya vijidudu.

Uchafu ukiwa mwingi mno, njia ya zamani ni kuikwepa sehemu hiyo kabisa: aota ya tumbo hufungwa, na mrija mrefu hupitishwa chini ya ngozi kutoka karibu na bega hadi kwenye kinena, kupeleka damu miguuni. Ukiweka mkono ubavuni mwa mtu huyo utahisi mapigo.

Njia mpya zaidi ni stenti, yaani kimrija cha waya, iliyovikwa kitambaa, inayoingizwa kupitia mshipa wa kinena na kufunguliwa ndani ya aota, bila kupasua tumbo. Watu huisikia na kudhani ndiyo jibu la kila kitu. Kwa mtu anayevuja damu au aliye dhaifu inaokoa maisha, na tafiti za Ulaya zimeonyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya waliowekewa walikuwa hai baada ya miaka 5. Lakini ni kuezeka mabati mapya juu ya mbao zilizo na mchwa. Maambukizi yanabaki nje ya stenti, na baadhi ya wagonjwa huuawa nayo miezi au miaka baadaye. Madaktari hutofautiana juu ya nani awekewe, na wengine huitumia kama daraja la kumfikisha mgonjwa kwenye upasuaji kamili akiwa na nguvu zaidi.

Madaktari wa upasuaji wa mishipa ya damu ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo mgonjwa wa Kisumu kwa kawaida atahitaji rufaa, na wakati mwingine safari ya kilomita 350 hivi huku kivimbe kikidunda. Aende kwa ambulensi, presha ikidhibitiwa. Abebe diski ya skani yenyewe, kwani maandishi ya majibu hayamtoshi daktari wa upasuaji. Abebe karatasi inayosema damu ilioteshwa lini, maabara gani, imefikia wapi. Na orodha ya antibiotiki zote alizotumia na tarehe zake, zikiwemo zile za kemisti ambazo familia huona haya kuzitaja. Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, barua za idhini zianze kufuatiliwa kabla gari halijaondoka.

Yule kijana wa kukanda, nilimwambia hivi: uvimbe wowote unaodunda usikandwe, usifungwe kwa kitambaa, usichanjwe. Ukuta wenyewe umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu. Dawa za kusafisha damu nazo, ziwe za mizizi au za chupa za dukani, haziufikii ukuta wa aota, na baadhi huziumiza figo ambazo tunazihitaji kwa ajili ya skani. Wengine walikuwa wamehofia kukaa karibu na mjane. Kivimbe hakiambukizi. Salmonela yenyewe inaweza kupita kwa mikono isiyonawiwa, na kifua kikuu cha mapafu kwa hewa, lakini hakuna anayeambukizwa aota kwa kumuuguza mgonjwa.

Mpwa akaniuliza kama mzee angepona, angekunywa dawa hadi lini. Baada ya zile wiki za dripu, wengi huendelea na vidonge miezi 6 au mwaka. Aliyewekewa stenti au kitambaa juu ya maambukizi anaweza kuambiwa ameze maisha yake yote, kwa sababu kitu cha kiwandani hakina damu ya kujilinda. Skani hurudiwa, mwanzoni baada ya wiki chache, baadaye kila baada ya miezi kadhaa. Na homa yoyote mpya, hata ya siku mbili, hata ikija msimu wa mvua wakati kila nyumba ina malaria, mtu huyo haanzii kwa kemisti: damu yake inaoteshwa kwanza.